Chumba cha Meja, Sungura wa Pumzi Fupi

Gerezani, Jumapili 6 Oktoba 1996

Mwanangu Lorraine,

Ukiifungua barua hii ukiwa mzima, umekunywa chai na umekula kitu zaidi ya biskuti, basi nimeridhika. Mimi nipo. Hapa tunakula viazi. Jana vilikuwa viazi, na kesho, kwa habari nilizozipata jikoni, ni viazi. Nimepangiwa chumba na mtu wa Bolton aitwaye Desmond, anayekoroma kama mashine ya zege. Msalimie shangazi yako Muriel. Mwambie nyonga mpya haichezi dansi kabla ya Krismasi, hata kama daktari ni kijana mzuri wa sura.

Habari ya kesi sitaandika. Miezi thelathini, nusu ndani nusu nje, ni wiki sitini na tano za ndani, na nimeshamaliza tatu. Nimepiga lipu miaka thelathini na moja. Nilianza na ndoo moja na mwiko wa kuazima, leo nina mafundi wanane, halafu hakimu ambaye hajawahi kubeba hata mfuko wa chokaa ananiita mtu hatari. Mumeo alikuburuta kwa nywele ngazi kumi na tatu, kutoka juu mpaka chini. Mimi nilimvunja taya moja na mbavu mbili kwa ubao. Kumi na tatu kwa tatu. Nani hatari? Basi. Nilisema sitaandika, nimeandika.

Sasa jambo lenyewe. Umekubali kuhamia kwangu umtunze Meja, nakushukuru, lakini wewe humjui. Sungura hupumua kwa pua tu. Mtu akizibwa pua hufungua mdomo akaendelea kugombana. Sungura akinyanyua kichwa na kufungua mdomo, ujue amebakiza saa chache. Pua ya Meja imeshaharibika nusu. Kazi yako ni kuilinda nusu iliyobaki.

Akae sebule ya mbele, kwa sababu kuta za chumba kile nilizibandua mwenyewe zote nne nikazipiga lipu ya chokaa. Chokaa inafyonza unyevu na kuutoa. Ile ya jasi ya vyumba vingine inaufungia ndani kama mfuko wa nailoni. Kipimajoto kisipite kumi na nane wala kisishuke chini ya kumi na nne. Kipimo cha unyevu, kile changu cha kazini, kikae kati ya hamsini na sitini. Ukianika nguo kwenye hita kama akina mama wote wa mtaa huo wanavyofanya, kitafika themanini kabla soksi hazijakauka, na ukungu utaota nyuma ya kabati. Anika chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Usimtandikie mabua wala maranda ya msonobari. Tandika magazeti na blanketi. Nyasi zake kavu zikung'ute uani, zinyunyize maji kidogo, ndipo umpe. Boksi lake la haja libadilishe kila asubuhi. Hunusi kitu? Wewe pua yako iko juu mita moja na nusu. Lala kifudifudi, weka pua pale ilipo pua yake, kaa dakika mbili. Macho yakiwasha, umechelewa. Sigara hakuna. Manukato ya kupuliza hakuna. Dirisha la juu fungua dakika kumi asubuhi na kumi jioni, yeye akiwa upande wa pili, asipigwe na upepo.

Akilala, hesabu mbavu zake zinavyoinuka dakika nzima. Chini ya sitini, sawa. Niandikie namba za kila Jumapili.

Najua wenzangu wa klabu ya sungura watakuja kukucheka. Unaijua kanuni yetu: sungura wa maonyesho akipiga chafya mara mbili hafiki jioni. Miguu ya nyuma mkono wa kushoto, mkono wa kulia unashuka nyuma ya masikio, kwisha, maana mafua yale yakiingia bandani yanafagia wote. Nimefanya hivyo mara arobaini na moja na nikala chakula changu vizuri. Meja alikuwa wa arobaini na mbili. Nilikuwa nimeshamning'iniza. Mama yako alikuwa mlangoni, mapafu yake yameshaliwa na vumbi la pamba la kiwandani, mrija wa oksijeni puani, akaniambia, "Clifford, kama unaua kwa ajili ya pumzi fupi, anza na mimi." Nikamweka magotini pake. Miezi minne walipumua pamoja, wote wawili kwa shida, mpaka akabaki mmoja.

Kwa hiyo huyo asife.

Baba yako,
Clifford Entwistle

*

Accrington, 27 Oktoba 1996

Baba,

Shikamoo, na poleni kwa viazi. Sisi huku hatujambo: mimi, Meja, na mvua, ambayo imeingia siku ya kumi na moja na inaonekana imelipia pango. Shangazi Muriel amecheza dansi. Amesema nikuambie alikuwa amekaa. Mafundi wako wanamaliza ile shule ya kule juu kilimani, na msimamizi anasema bila wewe kupiga kelele wamewahi siku mbili. Nimemwambia hilo sitalifikisha, na hivi nimelifikisha.

Namba zako. Jumapili ya tarehe 13: pumzi 52, joto 16, unyevu 58. Tarehe 20: 49, 16, 56. Leo: 51, 17, 55. Kilo nne na gramu mia nane. Anakula. Masikio yake bado anayakanyaga mwenyewe kila akigeuka, halafu ananitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemkanyaga.

Nililala kifudifudi kama ulivyosema. Baba, dakika mbili! Sekunde ya arobaini nilikuwa nalia machozi. Nilikuwa nabadilisha boksi kila baada ya siku mbili nikijiona msafi. Sasa ni kila siku, asubuhi na jioni. Bi Kershaw, daktari wa wanyama, ametoa matone ya wiki tatu na amesema chumba chako ni bora kuliko wodi yake.

Bwana Pickup wa klabu alikuja. Hakuvua hata kofia. Akasikiliza pale mlangoni, Meja akapiga chafya moja.

"Huyo si wa kutibiwa, binti. Babako amekuachia mzigo."

"Kaniachia sungura."

"Nipe dakika moja uani. Hata chai yako haitapoa."

"Bwana Pickup, wewe mwenyewe unakohoa tangu nikiwa darasa la kwanza. Nani amekupeleka uani?"

Akacheka mpaka akakohoa, halafu akaondoka na sungura wako kumi na wanne wa bandani kama mlivyokubaliana. Banda sasa ni tupu. Nimelifunga.

Wengine hawajambo. Hakuna aliyekuja ambaye ungetaka kujua.

Mwanao,
Lorraine

*

Gerezani, 10 Novemba 1996

Mwanangu,

Nashukuru kwa barua na kwa namba, zimenifaa kuliko dawa ya usingizi. Nimefurahi Muriel anacheza akiwa amekaa. Amekuwa akiishi hivyo maisha yake yote. Msimamizi mwambie siku mbili alizowahi atazirudia lipu ikipasuka, maana lipu haikauki kwa maneno, inakauka milimita moja kwa siku.

Mimi nimeongezewa siku kumi na nne. Usishtuke. Kule karakana kuna jamaa mmoja wa Salford, mnene, alisikia Desmond akiniuliza habari za Meja. Akasema mbele ya watu, "Mzee mzima unalia sungura? Si umtie kwenye mkate na vitunguu?" Nilimaliza kunawa mikono, nikachukua sinia la chuma, nikamwekea usoni. Meno mawili. Mkuu wa gereza akasema siku saba kwa kila jino, na sikumbishia, ni hesabu safi. Desmond anasema nina tatizo. Desmond amechoma duka la shemeji yake, huyo ndiye anayeniambia nina tatizo.

Sasa. Umeandika, "Hakuna aliyekuja ambaye ungetaka kujua." Sentensi hiyo nimeizungusha siku nne. Na namba za tarehe 3 Novemba ziko wapi? Nilikuambia kila Jumapili. Barua ya tarehe 3 ingenifikia tarehe 5 au 6. Sikupata kitu.

Pengine posta. Niandikie.

Baba

*

Accrington, 8 Desemba 1996

Baba,

Natumai hujambo na umeacha masinia. Hapa tuko salama. Shangazi Muriel ana mafua, anakusalimu. Theluji imeanza.

Samahani kwa kuchelewa na kwa mwandiko. Niliteleza kwenye barafu pale kwa muuza chipsi, mkono wa kulia umefungwa, naandika kwa wa kushoto.

Meja nimemhamishia juu, chumba cha nyuma. Anapapenda. Tarehe 24: 64. Tarehe 1: 72. Leo 78, lakini alikuwa hajalala vizuri. Unyevu huko juu uko juu kidogo kwa sababu ya nguo. Nitarekebisha.

Usiwe na wasiwasi.

Lorraine

*

Gerezani, 13 Desemba 1996

Lorraine,

Sina salamu leo. Muriel apone.

Unadhani nimefungwa macho pia? Ngoja nikusomee barua yako mwenyewe.

Pumzi 51 Oktoba, 78 Desemba. Umemtoa kwenye chumba nilichokijenga kwa ajili ya pua yake ukampeleka chumba cha nguo mbichi, chenye kuta za jasi. Meja ana uzito wa karibu kilo tano, masikio yake yanaburuta. Hapandi ngazi mwenyewe. Ulimbeba, kwa mkono mbovu. Mtu habebi mgonjwa kilo tano ngazi kumi na tatu kwa mkono mmoja isipokuwa chini kuna kitu kibaya kuliko ngazi. Nini kiko sebuleni kwangu? Moshi. Wewe huvuti. Mama yako hakuvuta. Muriel aliacha mwaka 1979. Na nguo: mtu mmoja hafui nguo za kupandisha unyevu wa chumba kizima. Hizo ni za watu wawili. Na theluji ya mwaka huu, gazeti la hapa limeandika, imeanguka Accrington tarehe 29 Novemba. Wewe uliacha kuandika tangu mwanzo wa Novemba. Barafu gani hiyo iliyokuvunja mkono kabla haijaanguka?

Mumeo Trevor yuko nyumbani kwangu. Amekaa kwenye kiti cha mama yako anavuta sigara.

Mwambie hivi, neno kwa neno. Nina wiki hamsini na nne na nimepanga kila moja. Nikitoka sitabeba ubao. Nitakuja na nyundo ya kubomolea. Lile taya nilivunja upande wa kushoto. Nitavunja wa kulia ili yalingane. Halafu vidole, kumi, kimoja kimoja, nitampa muda wa kuhesabu na mimi, tuone kama shule alimaliza. Halafu nitamshusha ngazi zangu kichwa mbele, nimpandishe, nimshushe tena. Sitachoka. Nimebeba ndoo za lipu miaka thelathini na moja.

Na sungura yule akipungukiwa hata na unywele mmoja, ataning'inizwa yeye kama nilivyowaning'iniza wale arobaini na mmoja.

Msomee.

Baba yako

*

Accrington, 19 Januari 1997

Baba,

Hujambo? Shangazi Muriel amepona, yuko hapa na mimi, amelala kwenye kochi na ananipigia kelele nizime taa. Mwaka mpya umeingia bila mtu kuusherehekea. Msimamizi amewalipa mafundi wote na ameniletea mkate wa nyama uliookwa na mkewe. Hayo ndiyo mazuri. Sasa kaa chini.

Uliandika, "Msomee." Sikumsomea. Alijisomea mwenyewe.

Barua yako ilidondoka mlangoni Jumanne ya tarehe 17, mimi niko jikoni nakaanga soseji, yeye ndiye aliyeiokota. Ndiyo, Trevor. Hesabu zako zote zilikuwa sahihi. Alikuja tarehe 26 Oktoba na maua, analia, taya lake bado limefungwa waya. Nilimfungulia mimi mwenyewe. Usinilaumu na usinisamehe, sijaomba hata kimoja. Tarehe 10 Novemba alinikunja mkono mpaka ukalia kama kijiti, kwa sababu nilimwambia asivute sigara sebuleni. Ndipo nikampandisha Meja juu.

Aliisoma barua yako kwa sauti, amesimama kati ya mimi na mlango. Aliisoma yote. Kwenye taya alicheka. "Ili yalingane! Babako fundi kweli, anapenda vitu vilingane." Kwenye vidole hakucheka. Kwenye ule mstari wa mwisho, wa unywele mmoja, aliikunja barua vizuri akaitia mfukoni. Akasema, "Kumbe ndiyo bei yake. Hebu tumpunguze huo unywele."

Akapanda.

Nilimkimbilia. Alikuwa ameshamtoa Meja, amemshika masikio yote mawili kwa mkono mmoja, Baba, masikio yale, na Meja anazunguka hewani. Nikamwambia, "Trevor, mweke chini, mkono huu nivunje tena, mweke chini." Akasema, "Tulia. Babako ndiye aliyenifundisha. Wiki ile ya uchumba wetu, bandani, alinipa watatu nijifunzie. Akasema mwanaume asiyeweza hili asimwoe binti yangu."

Ni kweli? Usinijibu. Najua ni kweli, nakumbuka mlivyoingia jikoni mmenawa mikono na mnacheka.

Lakini alisahau miguu. Wewe hushika miguu. Meja alimrarua mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, nyama ikaonekana, na lile pigo likashuka puani badala ya shingoni. Trevor akapiga yowe, akamrusha. Meja aligonga ukuta. Ule ukuta una alama mpaka leo, nimeiacha.

Pasi ilikuwa pale nilipokuwa naanika nguo. Baridi, haijachomekwa. Niliishika kwa mkono wa kushoto. La kwanza lilimpata mtulinga, nikausikia ukivunjika. La pili mdomo. Alisema jina langu, kwa ile sauti yake ya maua, nikapiga la tatu. Alirudi nyuma mpaka nje ya mlango, akakosa ngazi. Alikwenda zote. Nilisimama pale juu na pasi mkononi nikimtazama chini anavyojaribu kuinuka, na nilitaka kushuka, Baba. Nilikuwa nimeshashuka mbili. Nilikuwa nikifikiria vidole. Vidole vyako, vya barua yako, kumi, kimoja kimoja.

Nikasikia sauti nyuma yangu kama mtu anayenyonya maji ya mwisho kwa mrija. Nikarudi.

Meja alikuwa amelala ubavu, kichwa juu, mdomo wazi. Damu ilikuwa inafanya mapovu puani. Nililala sakafuni nikamfyonza pua kwa mdomo wangu, nikatema, nikafyonza, nikatema. Sijui nani alinifundisha. Jirani ndiye aliyewaita polisi na Bi Kershaw, ambaye alikuja na mabuti ya theluji akamvuta damu kwa bomba la sindano, akaondoka naye. Siku nne kwenye kasha la oksijeni. Pumzi mia na thelathini, kisha mia na kumi, kisha tisini. Polisi walimchukua Trevor kutoka hospitali. Mimi waliniuliza mara ngapi nilimpiga. Nikasema tatu. Wakaandika tatu.

Meja amerudi sebuleni tangu mwaka mpya. Nimetupa kile kiti, kilikuwa kimenyonya moshi. Samahani, najua kilikuwa cha Mama. Pazia nimefua, kuta nimefuta, dirisha nafungua. Kufuli nimebadilisha zote, na hii ya mbele funguo ziko mbili, wangu na wa Shangazi. Leo ni 68. Bi Kershaw anasema pua imepinda na haitanyooka. Atakaa hivyo hivyo akitunzwa, na siku akishtushwa vibaya, hatafika jioni.

Sasa masharti, maana na wewe uliniwekea yangu. Chumba hiki hakina moshi, hakina vumbi, hakina unyevu. Na hakina makelele. Nimeona mwenyewe: Trevor akipaza sauti chini, Meja juu alikuwa anakwaruza sakafu na mbavu zinakwenda mbio hata siwezi kuhesabu. Na zamani, wewe ukipaza sauti uani, sungura wote walikuwa wanagonga miguu. Mimi nilikuwa nagonga nao, kitandani.

Barua yako ijayo nitaisoma kwa sauti, mbele yake, nimemwekea mkono mbavuni. Zikipanda, nitaacha kusoma na sitaiendeleza, wala ile itakayofuata.

Mwanao,
Lorraine

*

Gerezani, 23 Februari 1997

Lorraine, na Meja kama unasikiliza,

Soma polepole. Na mimi naandika polepole, wiki tano nzima, na nimechana karatasi sita.

Habari za hapa ni nzuri. Mvua inanyesha kwenye bati la karakana na inaleta usingizi. Desmond amejifunza kulala ubavu. Wamenipa kazi ya kurudishia lipu ukuta wa kanisa la humu ndani, nikawaomba chokaa, wakaniletea chokaa. Nafanya mita mbili kwa siku. Hakuna anayeharakisha.

Kiti umefanya vizuri kukitupa. Mama yako alikuwa analalamika kinamchoma mgongo.

Sitini na nane si mbaya. Pua ikipinda, hewa hupita kwa njia moja, kwa hiyo njia hiyo iwe safi. Kipimo cha unyevu kisogeze karibu na sakafu, hapo ndipo anapoishi. Nyasi sasa ziloweke kabisa, kisha zikamue. Usiku weka beseni la maji ya moto nje ya mlango, si ndani, mvuke uingie kidogo kidogo. Umbebe tumbo chini ya mkono wako, kichwa kimefichwa kwapani, wanapenda giza. Asinyanyuliwe tena na mtu mwingine.

Uliniambia nisijibu kuhusu wale watatu wa bandani. Sijibu.

Banda livunjwe. Mwite msimamizi, ni kazi ya asubuhi moja. Mbao zigawiwe. Wavunje siku ambayo wewe na Meja mko kwa Bi Kershaw, maana misumari ikitoka hupiga kelele.

Uwe na siku njema. Naye pia.

Sasa acha kusoma kwa sauti. Toa mkono mbavuni pake, nenda jikoni, ufunge mlango. Haya ni yako peke yako.

Trevor yuko hapa. Wamemleta mahabusu tangu Jumanne iliyopita, jengo hili hili, ghorofa ya chini yangu. Hakuna aliyelinganisha majina. Jana tulikutana kwenye foleni ya chai. Mkono umefungwa kitambaa, meno ya mbele hana, taya limekaa upande kama mlango uliopigwa bawaba vibaya. Mimi nilikuwa na jagi la maji yaliyochemka, lita tatu, la chai ya karakana nzima. Kati yetu kulikuwa na hatua nne na askari mmoja aliyekuwa anasoma gazeti. Trevor aliliona jagi. Akakojoa, Lorraine, pale pale amesimama.

Nikageuka nikapeleka maji. Usiku nikamwambia askari wa zamu watuhamishe mmoja, nikamweleza kwa nini, na leo asubuhi wamemhamisha yeye.

Usinisifu. Wakati wote ule sikumfikiria Mungu wala mama yako wala wewe. Nilikuwa nawaza maji yashuke kuanzia wapi. Nilipolala nilimmwagia tena, mara nyingi, na nikalala vizuri. Umeandika kwamba ulishuka ngazi mbili ukarudi. Mimi nisingerudi. Hata sauti ile nisingeisikia.

Nitatoka mwisho wa Desemba. Nyumba ile niliijenga upya kwa mikono hii, kila ukuta, na itakuwa hivi: mimi nitakaa kwa Muriel, na ufunguo wa mlango wako abaki nao yeye. Nikija hapo kabla hujaniita, nikisema ni baba yako, nikisema ni baridi, hata nikilia, usinifungulie.

Clifford Entwistle